Unahitajika Nyumbani

Baba yangu alikuwa polisi, na alitulea kwa filimbi. Filimbi ya chuma, ile ile ya kazini, ilining'inia shingoni mwake hata siku ya mapumziko akiwa na kaptura na ndara. Akiipuliza mara moja kwa kirefu, popote ulipo unakuja mbio. Akiipuliza mara mbili kwa kifupi, mnakwenda kuoga. Wake wa polisi wenzake walicheka, wakisema, "Batoto ya sajenti! Hata mbuzi yangu haisikii hivyo." Mimi nilikuwa mkaidi. Nilikuja nikiburuta miguu, na fimbo zangu nikazila. Dada yangu mkubwa hakuhitaji fimbo. Filimbi ikilia aliacha tonge njiani, halijafika mdomoni, akasimama.

Hiyo ilikuwa Bwera, miaka ya sitini, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Asili yetu ni mbali, kaskazini, lakini polisi hana kwao. Kwao ni pale alipopelekwa. Dada alipomaliza shule ya msingi, mama alimpigania kwa baba wiki kwa wiki, mpaka baba akachoka akakubali aende kusoma kwa masista huko Katwe, kando ya ziwa.

Katwe ni mji mkongwe. Kabla Mzungu hajaonekana, watu walikuwa wakija kutoka kila upande kutafuta chumvi yake, na wafalme wameuana kwa ajili hiyo. Upande mmoja una ziwa dogo la chumvi, linanuka yai bovu. Upande wa pili ni ziwa kubwa la samaki. Nyumba ya masista ilikaa juu, katikati, matofali mekundu na veranda ndefu, na kengele kwenye kimnara juu ya kanisa lao. Likizo ya kwanza dada aliniambia kwamba huko hakuna filimbi, kuna kengele. Ikilia, unaacha. Kama unaandika, herufi unaiacha nusu. Kama unashona, sindano unaiacha kwenye kitambaa. Masista walisema sauti ya kengele ni sauti ya Mungu. "Wananisifu sana," dada alisema. "Wanauliza nani alinifundisha."

Sasa kuna neno ambalo sina budi kulieleza. Kwetu, na kwa watu wengi niliokaa nao kambini, mtu haambiwi msiba akiwa mbali. Haambiwi ugonjwa mkubwa pia. Unamtuma mtu akamwambie, "Unahitajika nyumbani." Basi, inatosha. Anayeambiwa anajua na hajui. Anakuja roho juu, anakaribishwa, anakalishwa, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Na kama mgonjwa bado anapumua, usithubutu kusema anakufa. Ukisema umemchimbia kaburi kwa ulimi wako. Hata akiwa amebaki ngozi, ukiulizwa unajibu, "Hajambo, ila homa kidogo." Hiyo ndiyo adabu, na sisi tulifundishwa adabu kabla ya kufundishwa kutembea.

Baba alilitumia neno hilo kama mtego. Dada alikuwa karibu kumaliza masomo. Dereva wa lori la chumvi akamfikia shuleni na ujumbe: unahitajika nyumbani. Dada alilia kutoka Katwe mpaka Bwera, juu ya magunia, akijua mama amekufa. Alipoingia uani akamkuta mama anamenya ndizi, mzima kabisa, macho chini. Sebuleni alikaa polisi mmoja wa kituo cha mpakani, mtu wa makamo, tumbo mbele, pamoja na kaka zake wawili na chupa za soda. Baba akasema kwa furaha, "Salimia wageni."

Neno la msiba amelitumia kumwita binti aje kuposwa! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Dada alipiga magoti akasalimia, akapakua chakula, akaosha vyombo. Alfajiri akapanda lori la sokoni akarudi ziwani. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani, na kabla hajapanda akaniambia, "Neno lile wasinitumie tena. Hata mara moja." Baada ya muda tulisikia amevaa kitambaa cha utawa. Yule polisi akaoa kwingine, na baba akawa anasema, "Atarudi. Siku nikipuliza, atarudi."

Miaka ya sabini ilitukuta Kasese, katika zile nyumba za bati za mviringo za kambi ya polisi, tulizoziita unipoti. Mchana ni tanuri, usiku ni barafu. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Masista wa Kizungu wa Katwe waliondoka. Wengine walisema wamefukuzwa, wengine walisema wamechoka, na mimi sikupewa maelezo. Nyumba yao akapewa mtu mmoja aliyekuwa zamani mgawa chakula jeshini, ambaye alikuwa na rafiki huko juu. Akaigeuza hoteli. Masista weusi walitawanyika kwenye nyumba nyingine za watawa. Dada alibaki. Tulisikia anapika na kufua pale pale, kwenye hoteli.

Halafu mama akaanguka. Tumbo lilijaa maji, miguu ikakonda kama vijiti, na daktari akaturudisha nyumbani bila kutuangalia usoni. Mama alikuwa na ombi moja tu. "Nileteeni mwanangu mkubwa," alisema. "Nimwone." Aliamka nalo, akalala nalo.

Baba akatuma dereva. Ujumbe? Unahitajika nyumbani. Lo! Mtu mwenye akili zake! Dereva akarudi peke yake, akasema sista amecheka tu, akaendelea kufua. Baba akatuma tena, neno lile lile, jibu lile lile. Nikamwambia, "Baba, mwambie ukweli, mwambie mama yuko hivi na hivi." Akanitolea macho. "Unataka kumzika mama yako angali hai?" Basi akavaa koti lake la Jumapili, akatia filimbi mfukoni, akasema tunakwenda wenyewe, mimi na yeye, na akaniapisha njiani kwamba sitataja ugonjwa. Mama tulimwacha na jirani, mke wa koplo, mwanamke mwenye moyo.

Tulifika Katwe Jumamosi mchana, nywele zimejaa vumbi la chumvi. Mwenye hoteli alitupokea kwenye veranda, miwani ya jua usoni, mikono wazi. "Karibu, afande! Karibu mbinguni! Hapa malaika iko ya kukupikia!" Baba akasema amekuja kumwona binti yake anayefanya kazi hapo. Yule bwana akashusha mikono. "Hapa si hospitali, ya kuona watu na kwenda. Unataka kuona yeye, chukua chumba, agiza chakula. Atakuletea mwenyewe." Akacheka kwa utamu, na baba akachukua vyumba viwili.

Ndivyo nilivyolala katika chumba cha mtawa. Kilikuwa chembamba, kitanda cha chuma, dirisha dogo lililo juu mno, halionyeshi kitu. Ukutani palibaki alama nyeupe ya msalaba ulioondolewa, na juu yake wametundika kalenda ya bia yenye mwanamke wa nguo ya kuogelea, lakini kalenda ilikuwa fupi, mguu wa msalaba ulionekana chini yake. Kwenye ukumbi masista walikuwa wameandika neno moja kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: KIMYA. Wageni walikuwa wamechora chini yake, kwa mkaa, vitu nisivyoweza kuvieleza.

Kanisa ndilo lilikuwa baa. Mabenchi yalikuwa yale yale, altare ndiyo kaunta, na mwenye hoteli alifungua chupa za wateja wake huku akifanya ishara ya msalaba. Kamba ya kengele ilishuka kutoka kwenye mnara mpaka karibu na kiti chake. Siku hiyo palikuwa na maafisa wa jeshi watatu na wanawake wao wenye mawigi, na mfanyabiashara wa Bwera aliyekuwa akivusha kahawa Kongo kwa magendo. Watu wenye kelele, wenye kushiba. Tuliketi benchi la nyuma.

Dada akaingia na sinia la samaki. Alikuwa amekonda, mikono imechubuka kwa sabuni, na kichwani amevaa kitambaa cheupe cha utawa, kisafi kabisa. Nilidhani amekivaa mwenyewe. Baadaye niliambiwa ni amri: mwenye hoteli alikwisha mpa onyo kwamba asithubutu kuhudumia bila hicho kitambaa, maana wateja wanakipenda. Alituona. Sinia halikutikisika hata kidogo. Akaanza kutujia.

Mwenye hoteli akakonyeza maafisa, akavuta kamba.

Kengele ikalia juu ya vichwa vyetu. Dada akaweka sinia chini, pale pale sakafuni katikati ya mabenchi, akapiga magoti, akafumba macho, midomo ikawa inatembea. Baa nzima ikapasuka kwa kicheko. Afisa mmoja mrefu akainuka, akachukua samaki kwenye sinia, akamwinamia dada, akamla samaki yule, na miba akaidondosha kwenye kitambaa cheupe. "Banange!" mwanamke mmoja akapiga kelele huku akifuta machozi ya kucheka. Dada akamaliza, akafanya ishara ya msalaba, akaokota sinia. Hajafika hatua ya pili, kengele ikalia tena. Akashuka tena. Walifanya hivyo mpaka samaki wakapoa.

Nilimtazama baba. Nilingoja ainuke. Huyu ni sajenti wa polisi, alikwisha vunja watu mbavu kwa kosa la kumtazama vibaya. Samaki walipotufikia hatimaye, alimtafuna wake kwa utaratibu, akitoa miba. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Ameshika nidhamu." Naapa, nilitamani mwiba umkwame.

Jioni jua likiwa bado lipo, nilimfuata dada nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo. Hapo pana makaburi ya masista wa zamani, na yeye ndiye aliyeyalinda mbuzi wasiyakanyage. Alikuwa anatandaza shuka za wageni. Tukakumbatiana, akanusa nywele zangu, akacheka kwamba nimekuja na chumvi yote ya Katwe. Ilikuwa furaha ya muda mfupi sana.

"Kwa nini unawapigia magoti wale washenzi?" nilimwuliza.

"Siwapigii wao," alisema. "Kengele haina makosa. Anayeivuta ndiye mwenye makosa yake."

"Na kwa nini hukuondoka na wenzako?"

"Mkubwa wetu aliniambia nikae na nyumba mpaka aniite. Hajaniita." Alikung'uta shuka, akaibana na kibanio. Halafu akageuka, akanitazama usoni moja kwa moja, na akauliza kama watu wote wanavyouliza. "Mama hajambo?"

Niambieni, ninyi mlio wajuzi. Ungejibuje? Umeapishwa njiani. Baba yuko pale kwenye veranda, mikono nyuma, anakutazama. Na hata kama asingekuwepo, ulimi wenyewe una njia yake, unakwenda kama ng'ombe anavyojua njia ya mtoni. Umesalimiwa, unajibu.

"Hajambo," nikasema. "Ila homa kidogo."

Dada akatikisa kichwa taratibu. "Homa kidogo. Na baba amevaa koti la Jumapili kuja kwa ajili ya homa kidogo. Safari hii ni nani? Polisi au mwanajeshi?"

"Hakuna mwanamume, dada. Wallahi hakuna. Unahitajika nyumbani tu."

Basi akacheka. Hicho kicheko sitakisahau, kilikuwa kikavu, hakikuwa na mtu ndani. "Hata wewe," alisema. "Hata wewe wamekufundisha." Akachukua beseni lake tupu akaingia jikoni. Mimi nikabaki na makaburi.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, baba alimsimamisha uani. Wageni walikuwa wamekaa verandani, wanachokoa meno. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya wali ambayo nilikuwa nairudisha jikoni.

"Chukua nguo zako," baba alisema. "Lori linapita. Unahitajika nyumbani."

"Kwa sababu gani, baba?"

"Sababu utaambiwa ukifika."

"Niambie hapa."

"Mimi ni baba yako. Siulizwi."

"Mara ile pia sikuuliza," dada alisema. Aliyasema kwa heshima, magoti yamepinda kidogo, macho chini, lakini aliyasema. "Nilikuja nikilia, nikakuta soda."

Veranda ikacheka. Hilo ndilo lililomharibu baba. Angevumilia kukataliwa, lakini hakuvumilia kuchekwa na watu waliomzidi cheo. Akatia mkono mfukoni, akatoa filimbi, akaipuliza mara moja, kwa kirefu.

Toba! Miaka yote ile, na mwili wa dada ulikuwa bado unaijua. Mabega yalinyooka yenyewe. Akapiga hatua moja kuelekea kwa baba.

"Wee, sajenti!" mwenye hoteli akapiga kelele kwa furaha kutoka dirisha la baa. "Hapa hakuna filimbi! Hapa iko kengele!" Na akavuta kamba.

Dada akaanguka magotini kwenye vumbi, mikono kifuani.

Baba akapuliza. Dada akainuka. Kengele ikalia. Dada akashuka. Baba akapuliza tena, mishipa ya shingo imetoka. Maafisa walikuwa wamesimama juu ya viti sasa. "Kengele!" mmoja analia. "Filimbi! Filimbi itashinda!" mwingine anamjibu, na mfanyabiashara wa Bwera anapigapiga meza na kuahidi kreti ya bia. Wanaume wawili wazima, mmoja anapuliza, mmoja anavuta, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha, na katikati yao dada yangu juu, chini, juu, chini. Magoti yalianza kutoka damu. Kitambaa kimehama kichwani. Alikuwa anaomba kwa sauti sasa, na sikusikia maneno, nilisikia pumzi tu. Na huko Kasese mama amelala kwenye unipoti la moto, anauliza kama lori limefika.

Nikaitupa ile sahani. Ilivunjika kwenye mawe na wali ukatapakaa.

"Mama anakufa!" nilipiga kelele. "Dada, mama anakufa! Tumbo limejaa maji, hali, hanywi, anakuita wewe tu!"

Mwenye hoteli akaiachia kamba, lakini kengele ni nzito, ikajirudia yenyewe ikagonga mara moja zaidi. Dada alikuwa magotini. Ilipogonga akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anasimama kengele ikilia.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu mvua zilipoanza."

"Na jana nilikuuliza," alisema.

Sikupata nafasi ya kujibu. Kofi la baba lilinifikia kwanza, na sikio hili la kushoto halijapona sawasawa mpaka leo. "Mdomo mchafu!" alisema. "Umemmaliza mama yako! Umemtaja!"

Dada alifungua kitambaa, akakikung'uta vumbi, akakikunja vizuri, akaenda akakiweka juu ya kaunta, yaani altare, mbele ya mwenye hoteli. Yule bwana akabaki anakitazama. "Sasa chakula ya jioni nani atapika?" akauliza. Ndiyo pole tuliyopewa.

Kupata gari siku ya Jumapili ni bahati. Tulipanda lori la samaki, dada na mimi juu ya vikapu, baba mbele na dereva. Dada aliyafunga magoti yake kwa leso yangu. Hatujafika barabara kuu ya Katunguru, tukakuta tembo wamesimama njiani na mtoto wao. Dereva akazima injini. "Tungoje," alisema. "Iko na mutoto." Tukangoja, na tembo wanakula majani taratibu kana kwamba dunia haina wagonjwa. Baba akashuka na filimbi mdomoni. Dereva akamkamata koti kwa nyuma. "Afande! Unataka kutuua?" Baba akarudi akaketi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kuna kitu duniani ambacho hajui akifanyeje. Sikumwonea huruma.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Tulikisikia kilio kabla ya kuliona lango la kambi. Wanawake wa kambi walitoka makabila yote, kila mmoja analia kwa lugha ya kwao, na pamoja na hayo ukisikia kilio hukosei ni kilio. Dada akaruka kutoka kwenye lori lisilosimama. Mke wa koplo alimpokea mlangoni, akamshika mabega, akamkalisha kwenye mkeka, akamletea kikombe. "Kunywa maji kwanza, sista," alisema. Adabu, hata hapo! Dada akanywa maji yote, taratibu, akarudisha kikombe, ndipo akaambiwa kile ambacho kambi nzima ilikuwa inakipigia kelele.

Mke wa koplo alisema mama alikata roho mchana, watu walipokuwa wanaosha vyombo vya chakula. Aliulizia mwanawe mpaka mwisho. Mwanamke yule hakuwa na nia mbaya, alieleza kama watu wanavyoeleza. Lakini baba alisikia neno moja tu, mchana, akageuka akanitazama. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Mchana ndipo nilipofungua mdomo.

Tulimzika Kasese, kwa kuwa kumpeleka kwao kusingewezekana. Dada hakutoa chozi. Watu walipotawanyika nilimkuta nyuma ya unipoti, anaosha zile nguo zenye damu ya magoti, na nikaketi karibu yake.

"Nilikuuliza mama hajambo," alisema.

"Ningejibuje, dada? Baba alikuwa anatutazama. Na wewe mwenyewe unajua, mtu akiuliza vile..."

"Ungejibu."

Nikamwambia basi ukae na sisi, usirudi kwa wale mashetani. Akakamua nguo. "Kule wananicheka," alisema, "lakini hawanidanganyi." Kesho yake akapanda lori la chumvi. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na filimbi hakuigusa.

Nilibaki na baba kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kubaki naye. Nilimpikia, nikamfulia, nikampigia pasi zile nguo zake za kazi mpaka alipostaafu. Kwa kila mgeni aliyeingia nilitambulishwa kwa namna moja: "Huyu ndiye aliyemtaja mama yake." Wageni walinitazama na kusogeza vikombe vyao. Sikukubali, na sijakubali. Mmoja ananiambia niliua kwa kusema, mwingine ananiambia niliua kwa kunyamaza, na wote wawili sauti moja, ya watu wasio na shaka. Tumbo la maji lilikuwa la mama, halikuwa langu.

Miaka ile haijaisha bado, zamu ya baba ikafika. Mapafu. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima na huku amelala. Akaanza kumwulizia dada, yeye naye, asubuhi na jioni. Nikatoka mpaka kituo cha malori, nikamtafuta dereva wa chumvi, nikamwambia maneno waziwazi, bila adabu yoyote, nikamfanya ayarudie mbele yangu. Mwambie hivi: baba anakufa, njoo. Usiseme unahitajika nyumbani. Sema anakufa.

Alirudi kesho yake jioni. Alisimama nje, kofia mkononi, hataki kuingia.

"Nilimukuta anafua," alisema. "Nikamwambia, sista, baba yako anakufa. Akauliza, nani amekutuma? Nikasema, mudogo yako. Akakamua shuka mpaka ikakauka. Halafu akasema, huyo? Kama huyo amesema anakufa, basi baba hajambo."

Nilimshukuru, nikaingia ndani. Baba alikuwa amelala ubavu, filimbi ipo kiganjani, pumzi ya kuipuliza hana. Alikuwa amesikia lori.

"Anakuja?" aliuliza.

Nilivuta kigoda nikaketi. Nikamwinua kichwa, nikampa maji kwanza.

"Yuko njiani, baba," nikasema.